Msumari wa Mpinzani

Habari ilimkuta Suzanne sokoni Baraka, amekaa nyuma ya beseni lake la ndakala, wale dagaa wa ziwani, anafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Aliyeileta ni wifi yake Marthe, mwenye meza ya mafuta ya mawese hapo pembeni, na aliileta vile watu wanavyoleta habari wanayojua itauma: alianza kwa kucheka.

"Mama Wilondja, umesikia? Banapandisha Florentine ku ukuta."

Suzanne hakuuliza Florentine yupi. Kwake yeye duniani kulikuwa na Florentine mmoja tu, na hata huyo mmoja alikuwa amezidi.

"Lini?"

"Siku ya Mungu, kisha misa. Anakuya na bwato ya kutoka Uvira. Redio ilitangaza asubuhi."

Ukuta wenyewe, mgeni akiuona anaweza kuucheka. Ni ukuta wa kushoto wa ukumbi wa klabu ya ndondi, matofali ya kuchoma, chokaa imebanduka kwa chini pale vijana wanapoegemea na jasho lao. Juu zimetundikwa picha za mabondia waliowahi kupigana ndani ya kamba za klabu, wote wanaume, kila mmoja kwenye fremu ya mbao, ngumi zimeinuliwa na uso umekazwa. Lakini muulize kijana yeyote wa Baraka, muulize wa Swima, waulize hata wale Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda wanaochangishana pikipiki waje mazoezini, watakuambia bora mtu akose mkanda wa ubingwa kuliko kuukosa ule ukuta. Mkanda unaweza kununuliwa. Ukuta haununuliwi, na yupo aliyejaribu.

Huyo ni Bertin, mfanyabiashara wa Fizi. Aliinunulia klabu glovu mpya na mfuko wa kupigia, kisha akaleta na picha yake mwenyewe, kubwa, amevaa suti. Papa Bonaventure, kocha wa zamani ambaye ndiye anayeshika funguo za ukumbi, aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama vizuri, akauliza, "Papa Bertin, we ulipigana na nani?" Bertin akasema yeye hapigani, yeye anasaidia. "Basi aksanti sana kwa glovu," akasema mzee, akamrudishia picha. Glovu zilibaki Baraka, picha ikapanda pikipiki ikarudi Fizi.

Na msidhani mzee alizaliwa mkali hivyo. Zamani ukuta ule ulijaa mashemeji wa rais wa klabu, pamoja na mjomba wa mtu fulani ambaye hata kamba hakuwahi kuzigusa. Papa Bonaventure alipokabidhiwa funguo alishusha picha zote kwa siku moja, akaweka sharti. Hapandi mtu mpaka aliyepigana naye ndani ya kamba za klabu asimame mbele ya watu na kumsemea, na mpinzani huyo huyo ndiye ashike nyundo apige msumari wa picha. "Ndugu yako atakusifu," mzee alikuwa akisema. "Bibi yako wa ndoa atakusifu, hata kama mulilala na kasirani. Lakini ule alikula ngumi zako akikusifu, pale tunajua ni kweli."

Sasa, Florentine ndani ya kamba zile alipigana na mwanamke mmoja tu. Mwanamke huyo alikuwa amekaa nyuma ya beseni la ndakala, na nzi alikuwa ameacha kuwafukuza.

Tuseme ukweli bila kuupaka mafuta: Suzanne alikuwa na wivu, tena wivu wa kukaa nao, wa kulala nao, wa kuunywesha chai asubuhi. Sauti ya Florentine ikitoka redioni, alihamisha stesheni hata kama mume wake alikuwa anasikiliza. Jirani mmoja alipomwita mtoto wake Florentine, Suzanne hakwenda kumwona mtoto mpaka alipoota meno. Na ukimuuliza kwa nini, alikuwa na jibu, na jibu lenyewe halikuwa la uongo. Alisema: mimi ndiye niliyempiga.

Na alimpiga kweli. Mji wote ulikuwepo. Wakati ule wote wawili walikuwa wasichana, na lile lilikuwa pambano la kwanza la wanawake pale. Watu walikwenda ili wacheke, wakarudi nyumbani sauti zimewakauka. Florentine alilala chini, Suzanne akabebwa mabegani mpaka ufukweni, na mwanaume aliyembeba mbele kabisa alikuja kumwoa. Tangu siku ile alijua, hakuhitaji kuambiwa, kwamba siku ukuta ukikubali mwanamke, wa kwanza atakuwa yeye. Kisha likaja tumbo la Wilondja, na la wa pili, na soko. Florentine naye, aliyepigwa, akafunga mfuko wake akaenda Bukavu. Akapigana huko, akapigana Bujumbura, akafungua chumba cha kufundishia wasichana ndondi. Na sasa aliyepigwa alikuwa anarudi kupanda ukutani, na aliyempiga alikuwa ananuka ndakala.

Jioni ile Papa Bonaventure alifika kwa Suzanne na msumari umefungwa ndani ya karatasi. Ndivyo desturi ilivyo: msumari unapelekwa kwa mpinzani, akae nao. Akikubali kusema, anakuja nao siku ya siku. Akikataa, anaurudisha, na hakuna anayemuuliza sababu.

"Papa, mi njo nilimupiga," Suzanne akasema kabla mzee hajamaliza kukaa.

"Minajua, mama. Nilikuwa pale."

"Sasa juu ya nini yeye?"

Mzee alijipangusa jasho la shingo. "Kamati ya klabu ilitazama muntu mzima, haikutazama siku moja. Alipigana wapi, alifundisha nani, anaishi namna gani na bantu. Babinti benye alifundisha banapigana leo mpaka inje ya inchi. We ulipigana mara moja, ukashinda, ukavua glovu. Kushinda mara moja ni kuzuri. Lakini haiko kazi ya maisha."

"Nilikuwa na mimba."

"Minajua. Na haiko kosa. Lakini mi nikianza kutundika sababu za bantu, ukuta hautatosha." Akauweka msumari juu ya kiti. "Jina yako iko mbele ya kamati, mama. Hatujaitupa. Kwa hii ya Florentine, fanya vile roho yako inasema."

Roho yake ilisema urudishe. Ilisema hivyo usiku kucha, na asubuhi aliuweka msumari juu ya meza ya mafuta ya Marthe, akamwambia ampelekee mzee. Marthe aliutazama, akamtazama na wifi yake, akaguna.

"Usipoenda, kesho nani atakusemea we?"

"Kila muntu. Mji yote iliona."

"Mji haikukula ngumi zako. Ulipigana na mwanamuke gani mwengine mule ndani? Ukimufungia Florentine mulango, unajifungia na weye."

Suzanne akauchukua msumari wake. Hilo hakuwa amelifikiria, na lilimuuma zaidi kwa kuwa lilitoka kwa Marthe, ambaye hajawahi kurusha ngumi hata kwa mbu. Basi atakwenda. Atasema kila kitu kilivyokuwa, ngumi kwa ngumi, na watu wakitoka pale watajua nani alikuwa juu na nani alikuwa chini. Wamtundike baada ya hapo, wakitaka. Kila atakayeitazama ile picha atakumbuka imetundikwa na aliyemwangusha.

Ijumaa bwato lilifika. Nusu ya soko ilishuka ufukweni, nusu ya pili ikajifanya ina kazi. Suzanne alikuwa katika hiyo nusu ya pili, lakini Florentine alimfuata mwenyewe mpaka kwenye beseni, nyuma yake msururu wa watu wanaocheka bila sababu.

"Yaya Suzanne," akasema, vile mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, akamshika mikono yote miwili na harufu yake ya samaki.

Suzanne alimtafuta kasoro kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Hakunenepa. Meno yote yalikuwepo. Nguo zake hazikuwa za kujionyesha, na hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu mtu aliyefika mbali angekuwa na adabu ya kujionyesha kidogo ili wenzake wapate la kusema. Florentine alinunua ndakala bila kubishana bei. Suzanne akampimia, akasawazisha juu kwa kiganja, na nyongeza hakumtilia.

"Yaya, nilikuwa natafuta tuongee kidogo, sisi wawili. Mbele siku ya Mungu ifike."

"Unaona niko na kazi."

"Hata mangaribi. Nitakuya kwako."

"Mangaribi niko na batoto."

Florentine aliitika kwa kichwa, akaondoka na msururu wake. Marthe alilaani kwa midomo tu, bila sauti. Suzanne alijisikia vizuri kwa muda wa kuhudumia wateja kama wawili hivi, kisha ule uzuri ukaisha.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Suzanne alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akakaa mbele. Florentine alikaa upande wa pili, mikono juu ya magoti, na picha yake ilikuwa juu ya meza katikati, imeelekezwa kwa watu. Papa Bonaventure hakutoa hotuba. Alimwita mpinzani.

"Mama Wilondja, ulipigana na huyu?"

"Nilipigana naye."

"Utuambie."

Suzanne akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno siku zote zile akigeuza samaki juani, na yalitoka kama alivyoyapanga. "Raundi ya kwanza nilimupata hapa," akasema, akajigusa chini ya mbavu. "Akaanguka. Alianguka mubaya, matako chini."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimwingia vizuri.

"Akafanya nini?" mzee akauliza.

"Akainuka."

"Endelea."

"Raundi ya pili nilimupata ku taya. Mji yote ilisikia ile sauti. Akaanguka tena, damu inatoka mu kinywa. Nilimuambia, baki chini, dada, utakufa bure."

"Akafanya nini?"

"Akainuka," Suzanne akasema.

Safari hii hawakucheka. Mnong'ono ulitoka nyuma ukaja mbele. Kijana mmoja wa Lusenda alipiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha. Mama mmoja dirishani akasema kwa sauti ya kutosha, "Na damu mu kinywa, akainuka. Ule ni muntu kweli."

Suzanne aliliona jambo linavyokwenda, na lilikuwa linakwenda kombo. Ngumi zilikuwa zake. Nguvu zilikuwa zake. Lakini kadiri alivyompiga Florentine mbele ya watu wale, ndivyo watu walivyozidi kumpenda Florentine. Alijaribu kurudi nyuma, akasema ile ya taya ilikuwa ngumi kubwa, hata mwanaume angelala nayo, na mnongʼono ukaongezeka, maana kumbe mwanaume angelala na yule msichana hakulala. Suzanne alitaka kitu kimoja tu, awanyangʼanye lile neno la kuinuka.

"Na raundi ya tatu?" mzee akauliza.

"Ya tatu njo ilimulaza."

"Alianguka tena."

"Alianguka."

"Akainuka?" Mzee aliuliza taratibu, na ukumbi wote uliegemea mbele. Walikuwa wanalitaka. Walikuwa wamekwisha kulifungulia midomo.

"Hapana," Suzanne akasema. "Asidanganywe muntu hapa. Ile mara hakuinuka. Banasema kila siku Florentine aliinuka, Florentine aliinuka. Goti yake ilikuwa ingali chini, mukono mumoja ku kamba, njo nikamumaliza. Hapa." Akajigusa nyuma ya sikio. "Kuinuka gani?"

Ulimi hauna mfupa, wazee walisema hivyo zamani, na bado kila kizazi kinataka kuhakikisha chenyewe. Suzanne alizitazama nyuso za mbele, akadhani ameshinda. Kisha akawaona vijana wa mazoezi wanatazamana. Hata mtoto aliyevaa glovu wiki moja anajua: aliye na goti chini hapigwi. Ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa mle ndani, kabla ya kufundishwa kukunja ngumi.

"Goti ilikuwa chini," Papa Bonaventure akasema. Hakuuliza. Alilirudia tu, kama mtu anayeonja kitu.

"Ilikuwa..." Suzanne akasema. "Papa, ilikuwa kama inaanza kuinuka. Ile ni vita, muntu hapimi."

"Mi njo nilikuwa mwamuzi," mzee akasema, lakini sasa alikuwa anawaambia watu. "Bantu balisukuma kamba, nguzo ya upande wa ziwa ikaanza kuanguka. Nikageuka nikaishika. Niliporudi, huyu mutoto alikuwa amelala, na nikahesabu." Akautazama mkono wake wa kulia, ule alioinulia mkono wa Suzanne siku ile. "Nilihesabu mpaka kumi. Sikuuliza kitu."

Suzanne alimtazama Florentine. Florentine alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuonyesha furaha hata chembe, na Suzanne, Mungu amsamehe, alimchukia kwa hilo pia.

"Mupinzani amesema," mzee akamalizia. "Alianguka, akainuka. Akaanguka, akainuka. Mara ya tatu hakupewa nafasi ya kuinuka, na kisha pale aliinuka na maisha yake yote. Mi sina swali. Mama Wilondja, piga musumari."

Angeweza kukimbia. Kinachomsifu Suzanne, na hakuna vingi siku hiyo, ni kwamba hakukimbia. Alikwenda ukutani, akautoa msumari kwenye fundo la kitenge, akapewa nyundo. Aliupiga ukaingia. Florentine alitundikwa, watu wakashangilia, bamama wakapiga vigelegele mpaka bati likaitika. Katika kelele hizo Suzanne alipita kwenye mlango wa nyuma, na watu wakampisha kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Huko nyuma kuna tangi la maji na kipande cha kivuli. Alisimama hapo, kitenge chake kimelowa mgongoni. Hakungoja sana. Alizijua nyayo zile kabla hajageuka.

"Yaya."

"Ulijua," Suzanne akasema.

"Goti ilikuwa yangu."

"Hukusema. Miaka hii yote. Bukavu, redio, kila pahali, hukusema."

Florentine aliegemea tangi. "Ningesema ile siku, bangefanya nini? Ilikuwa mara ya kwanza bamama kuingia mu zile kamba. Bangesema, munaona, banamuke hawajue sheria, banapigana kama ku soko. Bangefunga mulango. We ungefungiwa, na mi ningefungiwa pamoja na weye. Nikanyamaza." Akagusa nyuma ya sikio lake la kushoto. "Hili halisikie tangu ile siku. Nilizoea. Naambiaga batoto bangu basimame upande wa kulia."

Suzanne alilitazama lile sikio.

"Nilikuwa natafuta nikuambie mbele," Florentine akasema. "Kamati iliponiita, nilibaambia mi sipande peke yangu. Tunapanda wawili, ao hapandi hata mumoja. Balibishana sana, kisha bakakubali, juu mi njo nilikuwa nakusemea. We ungemaliza kusema yako, ungerudi ku kiti, na mi ningesimama. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa naenda kusema sijapigwa na muntu namna ile, hapa wala inje."

"Na sasa?"

"Papa Bonaventure ananiambia hapana. Anasema nikisimama sasa nitakuwa nasema uongo mbele ya ukuta, na yeye hatapokea." "Umesema mwenyewe, yaya. Mi nitasema nini?"

Ndani walikuwa wameanza kuimba. Florentine alingoja, mikono yake imelegea, na ilikuwa wazi kwamba Suzanne akisema neno lolote la heri, hata nusu yake, litapokelewa. Suzanne alilitafuta. Alitaka kulia, na alitaka kuomba msamaha, na vyote viwili vilikuwa haki ya mwenzake. Lakini kilichomfikia kwanza, kabla ya aibu na kabla ya msamaha, kilikuwa kile kile cha siku zote. Mwenzake alikuwa na neno moja la kummaliza, akakaa nalo mpaka leo bila kulitumia. Yeye aliwekewa goti moja mbele yake, kwa muda wa kupepesa macho, akashindwa kungoja. Akamwonea wivu hata kwa hilo.